Mtani Wangu wa Banda la Farasi

Wenzangu wa mabandani, siku ile ya kuniaga mlinishikisha soda mkaniambia niandike mambo ya zamani kabla hayajanitoka. Haya, nimekaa. Ila humu msitafute nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Vyeo vilikuja vikapita, na mshahara wa kazi hii mnaujua wenyewe. Nitawaandikia kuhusu kuku, farasi wanne, na mzee mmoja wa Tabora aliyenifundisha kazi huku akinitukana. Kwa wageni wa juzi, mimi ni Mwanaidi, maarufu Mama Zuhura, mzaliwa wa Matombo, kule milimani ambako ukidondosha boga shambani unakwenda kulidai kwa jirani wa chini.

Niliingia kazini shamba likiwa bado la serikali, njia ya Mzumbe, mabanda sita ya bati yamejipanga chini ya mlima. Nilikuwa na cheti cha mifugo, koti jeupe lililopigwa pasi, na kichwa kikubwa. Siku ya kwanza wakaletwa vifaranga wa siku moja kutoka Dar. Nikaambiwa niwapashe joto. Nikachukua jiko la mkaa, nikaliwashia humo humo ndani ya bruda, chumba cha kulelea vifaranga, nikafunga na madirisha ili joto lisitoke. Moshi ukajaa, vifaranga wakakimbilia kona moja, wakapandana. Waliokuwa chini hawakuamka tena. Msimamizi wetu, mama mmoja mnene asiyependa maneno, alinipa karai nikawaokote mmoja mmoja, kisha akaniambia: "Jiko huwashwa nje, likishaiva ndiyo linaingia. Na siku nyingine kabla hujatazama kipimajoto, sikiliza." Ndiyo elimu ya kwanza niliyoipata nje ya chuo. Kifaranga aliyeridhika analia kidogo kidogo, kama anayeongea peke yake. Akisikia baridi anapiga kelele. Akizidiwa na joto ananyamaza, anapanua mbawa na kuhema. Mimi mpaka leo naingia bandani nimefumba macho kwanza, na ninyi mmekuwa mkinicheka kwa hilo. Chekeni, lakini sikilizeni.

Enzi hizo chakula cha kuku kilikuja kwa barua. Unaandika, unasubiri, unaandika tena. Mwezi mmoja tuliletewa dagaa bila pumba, mwezi uliofuata pumba bila dagaa, na kuku nao wakawa wanataga kwa hiari yao. Mayai yalitolewa kwa kibali, na ukiwa na harusi ulijua mtu wa kumwona. Baadaye ikaja ruksa, soko huria, na mashirika yakaanza kufungwa moja baada ya jingine. Siku moja majina yalibandikwa ukutani. Wenzangu wengi walisoma majina yao wakaenda kufungasha. Sisi tuliobaki tukawa walinzi wa mabanda matupu. Mwaka mzima na zaidi nilifagia banda lisilo na unyoya, nikaosha vyombo ambavyo hakuna aliyenywea. Watu walinicheka, lakini banda lililolala chafu huamka na ugonjwa, na mimi niliamini kuku watarudi.

Walirudi na Bibi Eleni. Huyu alikuwa Mgiriki wa kuzaliwa Kimamba, katika mashamba ya mkonge, aliyeondoka msichana baada ya shamba la baba yake kutaifishwa na kurudi na mvi wakati wa ubinafsishaji. Kiswahili chake kilikuwa cha kambi za manamba, na matusi yake yalituzidi sote. Alitupanga mstari akauliza, "Nani hapa anajua kuku?" Nikanyoosha mkono.

"Unawajua au unawalinda?"

"Nawajua, mama. Tatizo ni kwamba hawapo."

Akacheka, nikaajiriwa. Wiki chache baadaye likaingia lori kutoka Iringa. Nilidhani ni kuku wapya wa mayai. Kumbe ni farasi wa kupanda wa Bibi Eleni: Sultani, Pendo, Kito na Mvua. Juu yao, amekaa kwenye ubao kama mbunge, alikuwepo Mzee Kapela, mtunza farasi, Mnyamwezi aliyefanya kazi hiyo nyanda za juu tangu ujana wake. Alipotua chini nilimpa shikamoo yake kwa heshima zote. Akaitikia, akaniuliza kabila. Nilipomjibu alipiga kelele mpaka farasi wakatikisa masikio.

"Mluguru! Mungu mkubwa, nimefika tu nimepata mtumwa!"

"Mtumwa ni wewe," nikamwambia. "Babu zako walibeba mizigo ya watu mpaka pwani wakasahau kurudi."

"Afadhali sisi tulitembea. Ninyi mnalima ukutani, mtu akiteleza shambani anaangukia mezani."

Vijana, ninyi utani mmeujua kwenye simu, kwa hiyo niseme kidogo. Mtani si mtu wa kukuchekesha tu. Ni haki. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe, anaweza kuchukua kitu chako mbele ya macho yako, na wewe huruhusiwi kununa wala kumwita mwizi. Siku ukifiwa yeye ndiye anayekuja kufanya vituko msibani mpaka ucheke na machozi usoni. Jioni ile ile aliyofika ndoo yangu ikapotea. Kesho yake nikaenda banda la farasi nikabeba brashi yake. Akachukua buti langu la mvua, mguu wa kushoto tu. Nikachukua betri za redio yake siku ya mpira. Tuliishi hivyo miaka mitatu. Salamu yangu ya asubuhi ilikuwa "Shikamoo mtani, ingawa hustahili," na yake ilikuwa "Marahaba, lete ulichoniibia." Sikuwahi kumwita kwa jina wala yeye hakuniita kwa langu. Kuingia stoo yangu na kubeba chakula kilichobaki kwa ajili ya kuku wake wa nyumbani, hilo alilihesabu kuwa kodi.

Katika matusi hayo alinifundisha farasi. Alinifundisha kumwendea begani, si nyuma, na kumsemesha kabla ya kumgusa, kwa sababu farasi ni mkubwa lakini moyo wake ni wa sungura. Alinionyesha namna ya kupitisha mkono mguuni kutafuta joto, na kuinua kwato uliweke gotini bila kuvunja mgongo wako. "Kuku akila kibaya atakitema," alisema, "ng'ombe atacheua, mbwa atatapika. Farasi hana mlango wa kurudishia. Kikishaingia kimeingia." Kwa hiyo alihofia sana tumbo. Farasi akianza kujitazama ubavuni na kutaka kulala, Mzee Kapela alifunga kamba akaanza kumtembeza, polepole, uwanja mzima, asimpe nafasi ya kugaagaa. Nilimwona akimwokoa Kito mara mbili kwa njia hiyo.

Vituko havikuisha. Watu walioteremka milimani na mizigo ya ndizi walikuwa wakisimama kwenye uzio wetu. Bibi mmoja wa Kinole aliuliza kama mnyama huyu anakamuliwa. Mzee Kapela akamjibu, "Anakamuliwa, ila anayeanza husimama nyuma yake." Sultani aliwahi kutishwa na kanga zangu zilizokuwa zikipepea kambani, akaruka uzio, na tulimpata karibu na Mzumbe katikati ya bustani ya mchicha, amemaliza matuta mawili, mwenye bustani yuko juu ya paa la kibanda. Kuku nao walipenda hori la Mvua, wakawa wanatagia humo. Mvua, aliyekuwa mpole kupita wote, alikula nyasi akizunguka yai pasipo kuligusa. Kulikuwa na jogoo aliyelala mgongoni kwake masika nzima, na Mvua hakulala chini mpaka jogoo ashuke.

Mwaka mmoja mdondo, ule ugonjwa unaomaliza kuku banda zima, ulishuka kutoka vijijini. Nilichanja kila kuku aliyekuwa na jicho la kudondoshea dawa, wa shamba na wa wafanyakazi. Mzee Kapela alificha wake chini ya kitanda, eti Mluguru asiwaguse. Wakafa wote isipokuwa mtetea mmoja. Alikuja stoo akasimama mlangoni, akasema, "Siku nyingine nikikataa, nipige." Nilimwahidi kwamba hilo nitalifanya kwa furaha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi wenu mmelisikia nusu nusu.

Siku zote tulichanganya chakula wenyewe sakafuni kwa koleo: pumba, mashudu, dagaa, chokaa. Biashara ilipofunguka, yakaanza kuuzwa mjini magunia ya chakula kilichokwisha changanywa, na Bibi Eleni akaagiza cha vifaranga, chenye dawa ya kuzuia kuhara damu ndani yake. Yalifika siku ya Jumatatu. Mdomoni mwa kila gunia ilishonwa lebo nyeupe ya Kiingereza, herufi ndogo kama chawa. Pale shambani, ukimwondoa Bibi Eleni, msomaji wa Kiingereza nilikuwa mimi, na nililionea fahari jambo hilo. Nikaisoma yote nimesimama stoo. Chini kabisa iliandikwa kwamba farasi wasipewe chakula hiki, kitawaua.

Nikajisemea, nitamwambia mtani. Banda lake lilikuwa ng'ambo ya uwanja tu.

Mchana wa siku hiyo nilikuwa dirishani mwa chumba cha dawa, kando ya stoo, nikipanga chupa za chanjo. Nikamwona Mzee Kapela anakuja kwa kunyata, anatazama kulia, anatazama kushoto, anaingia upande wa magunia, anatoka na moja begani. Alikuwa akipiga mluzi. Nilijiziba mdomo kwa kanga nisisikike nikicheka. Gunia jipya zima! Hajawahi kuthubutu hivyo. Nikaanza papo hapo kupanga kisasi: Ijumaa nitakwenda nyumbani kwake mbele ya majirani, nimdai faini ya mtetea wake wa pekee. Wazo kwamba huyu ni mtunza farasi, na lile ni gunia la kuua farasi, lilinipitia kichwani. Siwezi kuwadanganya. Lilipita, nikalifukuza, nikijiambia gunia linakwenda kwa mtetea wake huyo, kama siku zote. Ningemwita pale dirishani, utani wangu ungekufa kabla haujaiva. Niliona tamu kusubiri.

Alfajiri ya kesho yake nikaletewa habari kwamba mjomba wangu amefariki Matombo. Kwetu Waluguru mjomba si mtu wa kutumiwa salamu za rambirambi. Nilifunga kanga nikaondoka kwa lango la mbele, sikupita banda la farasi. Nilikaa msibani siku tatu, na katika siku hizo tatu lile gunia sikulikumbuka hata mara moja.

Nilirudi Ijumaa saa za asubuhi. Kutoka langoni nikaona watu wamekusanyika nyuma ya banda, wana makoleo, na mbele yao tuta la udongo mbichi, refu kuliko kaburi la mtu. Mmoja akanipungia mkono. "Mama Zuhura, wahi! Mtani wako kafiwa!"

Alikuwa Mvua. Mnajua mtani anavyopaswa kufanya. Nilitupa mzigo wangu, nikajibwaga kando ya tuta nikaanza kulia kwa sauti: "Mvua wee, mbona umeondoka peke yako? Ungemchukua na huyu mzee, hapa anatumalizia ugali! Nani atavumilia harufu ya soksi zake?" Nikazuia makoleo, nikasema hakuna atakayeondoka mpaka nilipwe. Watu walicheka wakashikana mabega. Mzee Kapela naye alicheka kidogo, macho yake mekundu. Alikuwa mbali kidogo na wengine, ameshika kamba ya Sultani, anamtembeza.

"Tumbo," akaniambia akipita. "Mvua alianza hivi hivi, nikachelewa kumtembeza. Huyu simwachi. Na Pendo ananisubiri humo ndani, naye ameanza."

Nikamtazama Sultani. Alikuwa amelowa jasho, na miguu ya nyuma ilikuwa ikipishana kama ya mlevi. Farasi mwenye tumbo hujitazama ubavuni, hupiga teke, hutaka kugaagaa. Huyu hakujitazama. Alikuwa anaishiwa nguvu akiwa wima. Mgongoni alifunikwa gunia lililopasuliwa, ili jasho lisimpige baridi, na mdomoni mwa gunia lile ilikuwa ikining'inia lebo nyeupe.

Nikainuka kutoka kwenye tuta.

"Mtani," nikasema, "simama. Usimtembeze. Aliyemuua Mvua ni mimi."

Wakacheka. Walicheka kuliko mwanzo. Mzee Kapela akasema, "Kumbe! Basi lipa, Mluguru, na jeneza ni lako."

"Ni kweli. Ni chakula changu kilichomuua."

Mama mmoja akapiga vigelegele. Mwingine akasema Mama Zuhura leo kapania. Nilisema mara ya tatu na machozi yananitoka, nao wakashika mbavu, kwa sababu machozi ya mtani msibani ni sehemu ya mchezo. Na Sultani anazidi kutembea, kila hatua anayumba. Nimewahi kuogopa katika maisha yangu, lakini si kama pale: nasema kweli kwa sauti yangu yote na hakuna anayeisikia.

Nikamkimbilia mtani, nikamnyang'anya kamba mkononi.

"Mzee Kapela," nikasema, jina ambalo sikuwahi kumwita.

Akaacha kucheka. Wote wakaacha. Niling'oa lebo kwa meno, nikaisoma kwa Kiswahili neno kwa neno, mpaka mstari wa chini.

Mzee Kapela akanieleza kwa sauti ndogo. Mvua alikuwa na mimba na amekonda. Masika ilikuwa imechelewesha pumba. Yeye akafikiri, chakula cha vifaranga ndicho bora kuliko vyote shambani, kama uji wa mtoto, kitamjenga mama mjamzito. Akampa kingi, akawagawia kidogo Sultani na Pendo. Kito, mchaguzi wa siku zote, alinusa akakataa.

Kisha akaniuliza, "Uliisoma lini?"

"Jumatatu."

"Mimi nilichukua Jumatatu."

"Nilikuona."

Alimfungua Sultani kamba, akamfuta jasho kwa kiganja, akamsimamisha kivulini na kukaa chini mbele yake.

Bibi Eleni alipofika alikwisha kusikia. Aliuliza swali moja: gunia lilifikaje banda la farasi? Jueni kwamba mama yule alikuwa na sheria isiyo na mjadala, anayeiba anaondoka siku hiyo hiyo, na alishawaondoa wawili. Mzee Kapela akainuka. "Niliiba mimi, mama," akasema. Yeye hakuwa na shamba wala mtoto wa kumpokea. Farasi wale walikuwa ndiyo nyumba yake.

Mume wangu alikuwa amepunguzwa kiwandani mwaka huo, na tulikuwa tunakula kwa mkono wangu. Sikutaka kusema. Nilisema kwa sababu hakuna namna nyingine ningeweza kusimama pale. "Hakuiba. Huyu ni mtani wangu, na mtani haibi. Mimi nilimwona anachukua, nikamwachia. Na nilikuwa nimeshasoma kwamba chakula kile kinaua farasi. Yeye hakujua. Aliyejua ni mimi."

Bibi Eleni alitukana kwa Kigiriki, kisha kwa Kiswahili, kisha akalia. Daktari wa mifugo alikuja kutoka mjini kabla ya adhuhuri. Alisema sumu ile haina dawa ya kuiondoa. Inashika misuli, na moyo nao ni msuli. Aliwanywesha unga wa mkaa, akaagiza wasitembezwe hata hatua isiyo ya lazima kwa miezi. "Mngeendelea kumzungusha huyu mpaka jioni," alisema, "mngechimba shimo la pili."

Sultani na Pendo walipona. Sultani hakubeba mtu tena maishani mwake, alikula tu na kutazama watu, kama mstaafu. Bibi Eleni hakumfukuza yeyote. Alituita ofisini wote wawili, akasema, "Mimi nimelelewa Kimamba, utani naujua. Nikiwafukuza, nitabaki na nani anayewajua hawa?" Kisha akanitazama mimi peke yangu. "Lakini kusoma si mali yako, Mwanaidi. Ukisoma, umesomea wote." Ndiyo maana mpaka leo hakuna gunia linalofunguliwa kwetu kabla lebo haijasomwa kwa sauti, watu wote wamesimama, pamoja na wanaojua kusoma na wenye haraka. Nimewasikia mkinung'unika kila linaposhushwa lori. Endeleeni kunung'unika, na endeleeni kusoma.

Kuhusu kazi yangu baada ya hapo sina aibu. Nilikuwa mtu hodari na bado ningeweza kuwaonyesha. Magonjwa yaliyokuja niliyajua kwa harufu kabla hayajaua, na farasi niliwapenda mpaka wakazijua hatua zangu. Lakini kosa lile halikuwa la kutojua, na hodari hana pa kujifichia katika kosa la namna hiyo.

Jumatatu iliyofuata nilisikia hodi stoo. Miaka mitatu hakuna aliyenipigia hodi pale. Alikuwa Mzee Kapela, kofia mkononi. "Naomba ndoo, Mama Zuhura, nitairudisha saa sita." Akairudisha saa sita, imeoshwa.

Nikadhani ni majonzi, yatapita. Nikaenda nikamchukulia brashi. Akaja akasema, "Samahani, Mama Zuhura, nadhani brashi yangu ilisahaulika kwako." Nikamtukana babu zake wote mpaka Tabora. Akasema, "Sawa, Mama Zuhura." Hakuninunia hata siku moja. Alinifundisha kazi kama zamani, na zaidi, kukata kwato, kuzalisha, kumtuliza farasi mwenye hofu, kwa upole na adabu kama anayefundisha mtoto wa bosi. Mama yangu alipofariki alipanda mpaka Matombo kwa miguu yake mibovu. Watani wengine walikuwa wanajipaka majivu na kuficha sufuria. Yeye alikaa jamvini na wanaume, akatoa ubani wake, akanipa pole kwa mikono miwili. Nililia siku hiyo kwa mambo mawili.

Miaka ikapita. Magoti yakamshinda, mpwa wake akamwandikia arudi Tabora akapumzike. Asubuhi ya safari yake nilichagua mtetea wangu bora, mwekundu, mnene, nikamfunga miguu. Nikamweka njiani kabisa mbele ya stoo, mahali ambapo mtu anayekwenda langoni hawezi kumkosa. Nikaingia ndani nikajibanza nyuma ya mlango, nikachungulia kwenye ufa. Mwanamke mzima, na mvi zangu, moyo unanidunda.

Akatokea na begi lake begani. Akamwona kuku, akasimama. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akaweka begi chini, akainama, akamnyanyua. Nikajiziba mdomo kwa kanga.

Akatembea naye hatua tatu, akamweka kwenye kivuli cha ukuta, akamgeuza vizuri ili kamba isimbane. Kisha akaja mlangoni.

"Hodi, Mama Zuhura," akasema. "Kuku wako alikuwa anaungua jua."

Nikatoka, nikamshukuru.